Kwani Alizipoteza Wapi?

Mtoto wa miaka mitatu anamuuliza bibi yake baba yuko wapi. Bibi anajibu kama watu wote wanavyojibu, kwamba baba ametoka kwenda kutafuta pesa. Mtoto ananyamaza kidogo, kisha anauliza, "Kwani alizipoteza wapi?" Nyumba nzima inaangua kicheko, na kabla ya magharibi maneno hayo yameshafika kwa shangazi, kwa mjomba na kwa jirani wa mlango wa pili. Maneno ya namna hii husikika katika kila nyumba yenye mtoto mdogo, na kwa kawaida yakishachekwa huwa yamekwisha. Lakini hebu tuyatazame tena. Mtoto huyu amelisikia neno kutafuta siku kiatu chake cha pili kilipokosekana, siku mama alipopekua mkoba akitaka funguo, na siku mbuzi wa jirani alipokata kamba. Mara zote hizo kilichotafutwa kilikuwapo kwanza, kikapotea. Kwa ushahidi alio nao, pesa zinazotafutwa ni pesa zilizopotea, na swali la haki ni zilipotelea wapi. Amefikiri bila kosa. Alichokosa ni taarifa moja tu, kwamba watu wazima hulitumia neno hilohilo kwa kitu ambacho hawajawahi kuwa nacho. Hoja ninayotaka kuijenga ni hii: maneno ya watoto wa umri wa kati ya miaka miwili na sita hutuchekesha kwa sababu yana mantiki kamili, na mtu anayefikiri hivyo anastahili kujibiwa baada ya kuchekwa.

Jambo la kwanza ni jepesi kulithibitisha. Mtoto akibwabwaja ovyo hamchekeshi mtu. Tutadhani ana usingizi au homa. Tunacheka pale tu tunapoiona njia aliyopita akafika alikofika. Anayeambiwa kichwa cha mama kinauma, akauliza meno yake yako upande gani, amewakumbuka mbwa na siafu, ambao nao huuma. Anayesikia gari la mjomba limekufa barabarani, akataka kujua litazikwa lini, ameshapelekwa msibani na anajua kinachofuata baada ya kufa. Anayesikia umeme umekatika huuliza nani kaukata. Anayekimbia asipigwe picha anakumbuka jinsi kofi linavyouma, na hajaona bado sababu ya kuamini kwamba kupigwa huku ni kwa aina nyingine. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki na tunapiga chafya siku nzima bila kumgusa mtu, na tumezoea mno hata hatusikii tena tunachokisema. Mtoto bado anasikia. Kila neno analipa uzito uleule aliokutana nao mara ya kwanza, na anapoligongesha na mazungumzo yetu, mlio unaotoka ndio unaotufanya tucheke.

Ushahidi huo unakuwa mzito zaidi tukiingia katika sarufi. Mwaka 1958 mtafiti wa Marekani, Jean Berko, aliwaonyesha watoto wadogo picha ya kiumbe mfano wa ndege, akakipa jina la kubuni, wug. Kisha akawaonyesha picha ya viwili na kuwaachia wamalizie sentensi. Watoto wengi walitoa wingi wake kwa kanuni ya Kiingereza, ingawa hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kulitamka neno hilo mbele yao. Hawakuwa wamelikariri popote. Walikuwa na kanuni kichwani na waliitumia. Kiswahili kinatupa mifano yetu wenyewe. Mtoto anajifunza kwamba mtu huamrishwa kwa kusema soma, pika, kimbia, na kwa vitenzi vifupi, kula, kunywa. Halafu anakutana na njoo, lete na nenda, maneno matatu yaliyoasi. Anapomwita babu yake kwa sauti kubwa, "Babu, kuja! Leta mpira!" watu hucheka na pengine humkaripia kwa kukosa lugha, ilhali amefuata kanuni kwa uaminifu kuliko lugha yenyewe. Hata wanaomkaripia, katika miji mingi, husema hivyohivyo wakiwa sokoni.

Kuhusu watoto wa Kiswahili hasa, kazi inayofaa kujulikana zaidi na wasomaji wetu ni ya Kamil Ud Deen, aliyechunguza usemi wa watoto wanne wa Nairobi walipokuwa wakielekea umri wa miaka mitatu, na kuchapisha kitabu chake mwaka 2005. Aliona kwamba watoto hao mara nyingi huacha kiambishi cha nafsi, au cha wakati, au vyote viwili, hivyo maneno yao husikika kama yamekatwa kichwa. Lakini irabu ya mwisho wa kitenzi, ile inayotofautisha anakula na ale, hawaiachi. Kiambishi cha mtendwa nacho hukiweka pale sarufi inapokitaka. Mtu anayesikiliza kwa haraka atasema mtoto anapunguza maneno kwa uvivu. Anayesikiliza kwa makini ataona kuna mpango: baadhi ya sehemu zinaweza kuachwa, nyingine haziachwi kamwe, na hakuna mzazi aliyemfundisha mpango huo. Mtoto akiona kima wawili mtini akasema "vima", amefikiri kwa ngeli. Na kabla hatujamcheka sana, tukumbuke kwamba kitabu ni neno la Kiarabu ambalo silabi yake ya kwanza haikuwa kiambishi cha chochote. Waswahili waliisikia ki- hiyo, wakaifananisha na ya kiti na kisu, wakasema vitabu, na leo vitabu ndiyo Kiswahili sanifu. Kosa la mtoto na sheria ya wazee vimetoka katika kiwanda kimoja.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ujinga wa utotoni, kwamba wakati utautibu, na kwamba kuyapa maneno ya mtoto heshima ya mantiki ni kuwadekeza wazazi wanaodhani wamezaa wanafalsafa. Sehemu ya hoja hiyo ni kweli. Mtoto hajui mengi, na atayajua. Lakini kutojua na kutofikiri ni mambo mawili, na familia huyatendea tofauti. Asiyejua huelezwa, asiyefikiri hupuuzwa. Tukiyachanganya, tutampuuza mtu aliyekuwa akingoja kuelezwa. Mwandishi wa Kirusi Kornei Chukovsky, aliyefariki mwaka 1969, alitumia miaka mingi kukusanya maneno ya watoto, mengi yakiwa ameletewa kwa barua na wazazi kutoka kila pembe ya Umoja wa Kisovyeti. Kitabu alichokitoa kutokana na mkusanyo huo, kinachojulikana kwa jina la Toka Miaka Miwili hadi Mitano, kilichapishwa tena na tena. Aliyasoma maneno yale kama kazi ya akili inayojenga lugha upya kutoka mwanzo, na aliamini kwamba hakuna mtu mzima anayeweza kazi hiyo kwa kasi ile. Nadhani alikuwa sahihi, na nadhani mahali petu pa kulithibitisha hilo vizuri kuliko pote ni katika majina ya undugu.

Undugu wa Kiswahili ni mtihani mgumu kwa akili ya miaka minne. Mtoto anaambiwa yule ni baba mdogo, na baba mdogo ni mrefu kuliko baba mkubwa, tena ana tumbo. Atauliza atakua lini. Anaambiwa huyu ni mama mkubwa na yule ni mama mdogo, kisha mgeni anamuuliza ana mama wangapi, anajibu watatu, na mgeni anacheka. Hapa mimi nasimama upande wa mtoto moja kwa moja. Kwa mpangilio wa ukoo aliofundishwa, watatu ndilo jibu, na aliyekosea ni mgeni aliyeuliza akiwa na fomu ya ofisini kichwani. Kisha kuna majina ya kurithi. Mtoto aliyepewa jina la babu yake huitwa baba na baba yake mzazi, kwa mapenzi na kwa heshima ya aliyetangulia. Mtoto anayapima maneno hayo na kuyakuta hayakai sawa: kama mimi ndiye baba yako, mbona wewe ndiye unayeninyima soda? Na kuna utani wa bibi na mjukuu, ambao katika jamii zetu nyingi humruhusu bibi kumwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, na babu kumwita wa kike mchumba wangu. Mjukuu anayemtazama babu yake aliyekaa kando ya bibi, akauliza, "Sasa babu atalala wapi?" ameliona tatizo ambalo utani umelificha. Anataka kujua matokeo ya cheo alichopewa.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliandika mwaka 1924 kuhusu ugumu huu. Alionyesha kwamba mtoto mdogo anaweza kusema ana kaka, lakini akiulizwa kama kaka huyo naye ana ndugu, akasema hana. Kwa mtoto, kaka ni aina ya mtu, kama vile fundi au polisi. Bado hajaona kwamba ni uhusiano wenye pande mbili, na kwamba yeye mwenyewe yuko upande wa pili. Hilo linatufafanulia mengi. Linatueleza kwa nini mtoto hukataa katakata kwamba bibi alikuwa mtoto, au kwamba bibi ana mama. Bibi ni bibi. Linaeleza pia kwa nini hucheka, au huogopa, anaposikia mama yake akimwita bibi "mama". Lakini naona Piaget alitazama zaidi kile ambacho mtoto hajafikia. Mwenye kuishi katika ukoo mpana, unaomwita kwa majina kumi tofauti kulingana na nani amefika mlangoni, anasukumwa mapema kuuliza maswali ya undugu, na maswali yenyewe ndiyo njia anayopitia kufika upande wa pili. Shangazi anayejibu, "Mimi ni shangazi yako kwa sababu baba yako ni kaka yangu, tulinyonya titi moja," amempa mtoto uhusiano wenye pande mbili ndani ya sentensi moja.

Kuna aina nyingine ya maneno ya watoto ambayo huchekesha majirani na kuwaudhi wenye nyumba. Mdai amefika mlangoni. Mama yuko chumbani, na amemwagiza mtoto. Mtoto anatoka na kusema, "Shikamoo. Mama amesema niseme hayupo." Ni kisa kinachosimuliwa kote Afrika Mashariki, na mara nyingi kinamalizikia kwa mtoto kuchapwa. Basi tutazame alichokifanya. Amesalimia, ameufikisha ujumbe neno kwa neno, na amemtaja aliyemtuma, kama anavyofanya siku zote anapotumwa dukani au kwa jirani. Kilichomshinda ni kuona kwamba akilini mwa mdai kunapaswa kuingia picha ya nyumba isiyo na mama, picha ambayo yeye mwenyewe anajua ni ya uongo. Mwaka 1983 watafiti Heinz Wimmer na Josef Perner walichapisha jaribio lililokuja kuwa maarufu: mvulana katika hadithi anaweka chokoleti mahali fulani, anatoka, mama yake anaihamisha, na mtoto anayesikiliza anaulizwa mvulana akirudi ataitafuta wapi. Walio chini ya miaka minne kwa kawaida husema ataitafuta ilipo sasa, kwa kuwa hapo ndipo wao wanapojua ipo.

Je, hayo ni mambo ya watoto wa Ulaya tu? Jeremy Avis na Paul Harris walilipeleka swali hilo kwa Wabaka wa Kamerun, na matokeo yalitoka mwaka 1991. Walitumia kokwa za embe zilizokuwa zikipikwa kambini. Mtu mzima akitoka, mtoto anashawishiwa kuzificha mahali pengine, kisha anaulizwa mpishi akirudi atazitafuta wapi na moyo wake utakuwaje kabla hajafunua chombo. Wengi wa wale wakubwa kidogo, wa karibu miaka mitano, waliweza kusema kwamba angezitafuta pale alipoziacha. Kwa hiyo mtoto aliyemfichua mama yake mlangoni, akiwa na miaka mitatu, hakuwa mkaidi wala mmbeya. Uwezo anaoadhibiwa kwa kutokuwa nao bado unajengeka. Viboko vya siku ile vinamfundisha jambo ambalo mama hakulikusudia, kwamba kusema kweli kwa ukamilifu kunaumiza. Na kwa yule mtoto anayemkodolea mgeni macho na kumuuliza, "Wewe ndiye yule ambaye mama anasema unapenda kukopa?" nadhani dawa iko kwa watu wazima. Yanayosemwa mbele ya mtoto wa umri huo yamesemwa hadharani.

Watoto husema pia mambo kuhusu dunia, na hapa kicheko chetu mara nyingi kinatuaibisha, kwa kuwa tunacheka jambo ambalo wenyewe tusingeweza kulieleza. Mtoto anayesafiri usiku anasema mwezi unatufuata. Piaget alikuta imani hiyo kwa watoto wa Geneva miaka ya 1920, nayo husikika kwenye mabasi yetu hadi leo. Tunasema, "Haukufuati, nyamaza ulale." Lakini alichokiona ni kweli tupu. Miti ya kando ya barabara inarudi nyuma kwa kasi, nyumba za mbali zinarudi polepole, na mwezi haurudi nyuma hata kidogo. Uko palepale dirishani baada ya saa nzima ya mwendo. Kitu kisichobaki nyuma ya gari linalokwenda, kwa ujuzi wote alionao, ni kitu kinacholifuata. Jibu ni kwamba mwezi uko mbali sana, karibu kilomita 384,000, kiasi kwamba safari yetu nzima haitoshi kubadilisha upande tunaouonea. Mtoto wa miaka mitano hahitaji hesabu hiyo. Anaweza kuonyeshwa mti, kisha kilima, kisha mwezi, akaambiwa aangalie kipi kinawahi kubaki nyuma.

Stella Vosniadou na William Brewer walifanya uchunguzi mwaka 1992 kwa watoto 60 wa shule ya msingi nchini Marekani kuhusu umbo la dunia. Watoto walikuwa wameambiwa kwamba dunia ni mviringo, na macho yao yanawaambia kwamba ni tambarare. Baadhi walisema kuna dunia mbili, moja ya mviringo iliyo juu angani na nyingine tambarare tunayoikanyaga. Wengine walisema dunia ni mviringo lakini sisi tunaishi ndani yake, juu ya sakafu iliyo sawa, ndiyo maana hatuanguki. Ukimsikia mtoto wako akisema hivyo, utacheka, na ucheke. Lakini huyo ni mtu aliyepokea habari mbili zinazopingana, moja kutoka kwa mwalimu na nyingine kutoka kwa macho yake, akakataa kumwita yeyote kati yao mwongo, akatafuta umbo ambalo ndani yake wote wawili wanasema kweli. Ningependa kuwaona watu wazima wengi zaidi wakifanya hivyo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la adabu. Katika malezi yetu, mtoto mwema husikiliza, hutumwa, hutazama anavyofanya mkubwa, naye hujifunza kwa kutenda. Mtoto anayehojihoji wazee huonekana amelelewa vibaya, na kuna watu wenye hekima wanaoona kwamba kumsikiliza kila anapofungua kinywa ni kumlea mtovu wa heshima. Pingamizi hili halifai kudharauliwa, kwa kuwa malezi hayo yamewatoa watu hodari kwa vizazi vingi. Sara Harkness na Charles Super, walioishi Kokwet miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya miaka ya 1970, waliona kwamba watoto wa pale walifahamu maneno vizuri na walitumwa kazi zinazohitaji akili, lakini wakiombwa na mtu mzima wasimulie hadithi waliyoisikia, wengi walinyamaza. Mwaka 1977 wakaandika kwamba ukimya huo usidhaniwe kuwa upungufu wa akili, kwa sababu mtoto alikuwa hajazoea kuwa msemaji mbele ya mkubwa. Hilo linawatetea watoto dhidi ya wanaowapima kwa haraka. Lakini linathibitisha pia kwamba ukimya hufundishwa, na kinachofundishwa kina gharama zake.

Gharama hiyo inaonekana mahali pamoja hasa. Michelle Chouinard alichambua mwaka 2007 maelfu ya maswali yaliyorekodiwa kwa watoto wa Marekani na kukuta wanauliza zaidi ya maswali 70 ya kutafuta taarifa kwa kila saa ya mazungumzo na mtu mzima. Baadaye, mwaka 2013, Mary Gauvain na wenzake walirudi kwenye kumbukumbu zilizokusanywa mwaka 1978 na 1979 kutoka jamii nne, mojawapo ikiwa ya Walogoli wa magharibi mwa Kenya, nyingine zikiwa za Belize, Nepal na Samoa ya Marekani. Watoto walikuwa 96, wa miaka mitatu hadi mitano. Waliuliza nini, wapi na nani kwa kiwango kinachokaribiana na cha wale wa Marekani. Swali lililopungua mno lilikuwa kwa nini. Ninavyosoma mimi matokeo hayo, udadisi ulikuwa uleule, ila mtoto alikuwa ameshajua ni swali lipi hujibiwa na lipi huonekana kama kumpinga mkubwa. Kuuliza kikombe kiko wapi ni utii. Kuuliza kwa nini niende mimi na si kaka, ni jambo jingine. Na bado utamaduni wetu wenyewe umeacha milango. Utani wa babu na mjukuu ni ruhusa rasmi ya kusema lisilosemwa kwa baba. Kitendawili humpa mdogo haki ya kumtega mkubwa, na mkubwa akishindwa hutoa mji. Anayejibu swali la mjukuu hajaiacha mila. Amesimama katika sehemu yake iliyo wazi. Adabu inahusu namna ya kuuliza, nayo inafundishika palepale: "Subiri shangazi amalize kusema, kisha uliza." Baada ya hapo, aulizwe alitaka kusema nini.

Mzazi aliyechoka atasema watoto huuliza ili waangaliwe tu, na jibu lolote linatosha. Utafiti wa Brandy Frazier, Susan Gelman na Henry Wellman, wa mwaka 2009, haukubaliani naye. Watoto wa kabla ya shule walipopewa maelezo ya kweli, walielekea kukubali au kuuliza swali la kuendeleza. Walipopewa jibu lisiloeleza, walielekea kurudia swali lilelile au kujitungia maelezo yao. Anayechoshwa na "kwa nini" ya kumi, huenda hajajibu ya kwanza. Tena jibu halihitaji kuwa refu wala kumrekebisha lugha. Roger Brown na Camille Hanlon walionyesha mwaka 1970 kwamba wazazi waliowachunguza waliyakubali au kuyakataa maneno ya watoto kwa kutazama ukweli wake zaidi kuliko sarufi yake, na watoto walijifunza sarufi hata hivyo. "Vima" vitajirekebisha vyenyewe. Swali la pesa zilizopotea ndilo linalohitaji mtu wa kusema, "Hazikupotea, watu wanahitaji kujengewa ukuta, baba anawajengea, nao wanamlipa."

Kicheko hakina ubaya, na nyumba isiyocheka na watoto wake ni nyumba ya huzuni. Ubaya ni pale maneno ya mtoto yanapogeuzwa maonyesho. Siku hizi simu hutolewa haraka. Mtoto anaambiwa arudie alichosema, arudie tena kwa sauti, na kabla hajapata jibu video imeshasambaa kwa watu asiowajua. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 12, unamtambua mtoto kama mwenye maoni yanayopaswa kuzingatiwa kwa kadiri ya umri wake, na ibara ya 16 inalinda faragha yake. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo inatambua haki yake ya kutoa maoni. Sheria hizo hazikuandikwa kwa ajili ya vichekesho vya sebuleni, lakini mtu mwenye maoni huulizwa alimaanisha nini kabla ya kurushwa hewani.

Kwa wanaotaka kuyahifadhi maneno hayo, daftari linafaa kuliko video. Kiswahili kina wasemaji makumi ya mamilioni, na utafiti mkubwa wa Deen niliouzungumzia hapo juu ulisimama juu ya watoto wanne wa jiji moja. Kuhusu mtoto wa Pemba, wa Bukavu au wa Songea, anayeongea na bibi yake kwa lafudhi ya huko, kinachojulikana ni kidogo mno. Barua za wazazi wa kawaida ndizo zilizomjengea Chukovsky kitabu chake. Ukurasa mmoja ukiwa na tarehe, umri wa mtoto kwa miaka na miezi, nani alikuwa akizungumza naye na ni maneno gani yalitangulia, unatosha. Uandikwe kama alivyotamka, bila kusafishwa. Na chini yake liandikwe jibu alilopewa, maana bila hilo msomaji wa baadaye hatajua ni kitu gani kilimfanya kesho yake aulize jambo jingine.